Trei ya Mayai Nyuma ya Kiti

Nianze kwa kukataa. Kila anayesimulia habari za Kocha huanzia miguuni mwake. Mtangazaji wa redio alipomfuata yadini alisema "licha ya ulemavu wake" mara nne kabla hajamaliza salamu, na Kocha akamkatiza: "Licha ya tumbo yako, wewe nafanya kazi vizuri." Kipande hicho hakikurushwa hewani. Mhubiri mmoja wa Lumino naye alimtia katika mahubiri yake, akamwita ushuhuda. Mimi sina ushuhuda. Kocha ni mkali, ni mbishi, hapendi kushindwa hata katika kumenya karanga, na hakunifundisha jinsi ya kuishi. Alinifundisha kona. Ziko tano, ndani ya yadi ya zamani ya malori huko Busia, upande wa Uganda, na katika kila moja nimeacha ngozi kidogo.

Yadi yenyewe zamani ilijaa malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Kenya. Malori yalipoacha kulala pale, ikabaki saruji yenye madoa ya oili na majani yanayoota kwenye nyufa. Kocha akapanga matairi mabovu kuwa kingo za njia, akayapaka chokaa. Ndani ya kingo hizo anafundisha watu kuendesha vigari vya mashindano, vile vya wazi visivyo na mlango wala paa, ambavyo dereva hukaa chini kiasi kwamba akinyoosha mkono anagusa ardhi. Watu wa mjini huviita gokati. Yeye husema "gari" tu, kana kwamba hayo mengine yanayopita barabarani ndiyo yanayohitaji jina jingine. Huviunda mwenyewe kwa mabomba ya chuma na injini za bodaboda zilizochoka.

Sijui alizaliwa wapi, wala wazazi wake walikuwa nani. Aliyemuuliza kwao ni wapi alijibiwa, "Pale petroli inaisha." Ninachojua ni kwamba kabla ya vigari alikuwa mvushaji. Kwa wasioujua mpaka wetu: kuna watu wasiotembea ambao huendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, zenye sanduku la mizigo nyuma, na hao ndio wanaovusha mayai, unga, sabuni na mafuta ya kupikia kati ya miji hii miwili yenye jina moja. Maofisa wengi huona haya kuwapekua. Kocha alifanya kazi hiyo hadi mabega yake yakawa mapana kama ya mbeba magunia. Alijifunza kuchomelea vyuma kwa sababu mafundi walikuwa wakimrudishia baiskeli ikiwa imepinda upande mmoja, kisha wakimwambia ni yeye aliyekaa vibaya.

Nilimkuta mwaka niliorudi nyumbani na shahada ya fizikia na bila kazi. Nilikuwa nikipita kando ya ukuta, nikasikia injini inalia kama pikipiki iliyokabwa, nikachungulia. Kigari kilikuwa juu ya meza ya chuma, na yeye ameketi kwenye kiti cha mbao chenye magurudumu, barakoa ya kuchomelea imepandishwa utosini.

"Mbona hakina breki za mbele?" nikauliza. Salamu nilizisahau, hiyo ni tabia yangu mbaya.

Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Mulembe," akasema, kunikumbusha adabu.

"Mulembe, mama. Mbona hakina breki za mbele?"

"Mbona wewe haina helmeti?"

"Kwa sababu siendeshi."

"Basi hiyo breki inakuhusu nini?"

Mlangoni mwa yadi alikuwako Wandera, mkaanga chapati aliyevuka kutoka upande wa Kenya akakaa moja kwa moja, na ambaye ndiye shabiki, mwamuzi na mchokozi wa yadi nzima. Alicheka hadi chapati ikaungua. "Sista, hapo umepatikana," akasema. Nikarudi kesho yake na helmeti ya kuazima.

Nilidhani nitapewa kigari. Nilipewa baiskeli yake ya zamani ya mpakani. Huo ndio mwanzo wa kila mgeni wa yadi ile, awe fundi, mwalimu au dereva wa lori mwenye miaka ishirini barabarani: mizunguko kumi kwa mikono, miguu imekunjwa na kufungwa kwa mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu. Niliuliza sababu. Akasema nitaijua kwenye kona ya pili. Kwenye kona ya pili gurudumu la ndani lilinyanyuka, baiskeli ikalala, nami nikalala nayo.

"Sasa wewe najua kitu gani?" akauliza kutoka mezani kwake.

"Kwamba uzito unahamia nje ya kona," nikajibu nikiwa chini. "Ningeweza kukwambia hayo bila kuanguka."

"Kuniambia, ndiyo. Kuambia baiskeli, hapana."

Hapo nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Kigari cha mashindano hakina springi, na magurudumu yake ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu inayoyazungusha yote mawili kwa kasi ileile. Ukitaka kigeuke, lazima ukifanye kilipunguzie uzito tairi la ndani la nyuma, kidogo tu, kisha ukirudishe chini kabla hakijakutupa. Ningeweza kukuchorea mishale ya nguvu zote hizo ubaoni. Kocha hakuwahi kuchora mshale. Alikuwa amebeba trei za mayai katika kona hizo miaka mingi, na mgongo wake ulijua tairi limebakiza uzito gani.

Sheria zake za mavazi zilikuwa fupi. Leso hapana. Skafu hapana. Rasta zifungwe ndani ya helmeti. "Mnyororo haina adabu," alisema. "Haiulizi wewe ni binti ya nani." Mtu akija na gauni alimpa ovaroli iliyotobolewa na cheche, na mtu akilalamika kwamba inanuka alimwambia anuse upande wa pili. Kuhusu kuendesha alikuwa na usemi mmoja aliourudia hadi ukatuchosha: "Macho itangulie, mikono ifuate, tumbo ibaki nyumbani." Mgeni hutazama tairi analoogopa kuligonga, kisha huligonga. Niliyagonga yote. Mbavu zangu zilikuwa na rangi ya zambarau upande wa kushoto, mahali kiti cha chuma kinapokukumbatia, na mama yangu alianza kuuliza kama kuna mwanamume ninayemficha.

Baada ya baiskeli ndipo yalikuja mayai.

Trei ya mayai thelathini hufungwa nyuma ya kiti cha kigari, juu ya kibao, kwa ule mpira wa tyubu. Unazunguka yadi mara tano. Mayai yakirudi mazima, unaongezwa mwendo. Yakipasuka, Wandera anayakaanga na kuyaviringisha ndani ya chapati, roleksi tunayoijua sote, na yadi nzima inakula kwa jina lako. Jioni watu walikuwa wakipita mlangoni na kuuliza, "Leo Msomi ameendesha?" Wandera akijibu kwamba nimeendesha, walivuta viti. Msomi ndilo jina nililopewa siku ya kwanza, na halikuwa sifa.

"Msomi, usijifunze haraka," Wandera aliniambia. "Watu wameshaacha kupika kwao."

Nilivumilia majuma matatu. Halafu nikaanza kuhoji, kama ninavyohoji kila kitu. Yai linapima nini hasa? Mayai hayalingani ugumu wa maganda. Trei moja imekaa juani, nyingine imetoka kivulini. Kipimo kisicho sawa kwa wote si kipimo, ni desturi iliyovaa koti la kipimo. Nilimweleza Kocha haya yote akiwa anatia msasa bomba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kuku pia hajasoma." Akaendelea na msasa.

Basi nikaamua kumthibitishia. Jumamosi iliyofuata nilikuja na trei yangu mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeyachemsha mayai yote thelathini kwa moto wa taratibu ili yasipasuke, nikayakausha, nikayapanga. Nilizunguka mara tano kwa mwendo ambao sijawahi kuuthubutu. Kona ya tatu nilisikia nyuma yangu maganda yakigongana. Nikasimama mbele ya meza yake. Maganda machache yalikuwa na nyufa, lakini hakuna tone lililovuja. Watu wakapiga makofi. Wandera akashika kichwa: "Leo tumelala njaa!"

Kocha alichukua yai moja. Hakulipasua. Aliliweka juu ya meza ya chuma, akalizungusha kwa vidole viwili kama pia. Yai likazunguka vizuri, likasimama wima, likaendelea kuzunguka.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara ya mayai mpakani anajua maana yake. Yai bichi huyumba kwa sababu maji ya ndani hayataki kufuata ganda. Lililochemshwa huzunguka kama jiwe. Mimi mwenye shahada ya fizikia nilikuwa nimewahi kuandika jibu hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote. Sikufikiri kwamba mtu aliyevusha mayai nusu ya maisha yake angelijua.

Nilianza kueleza kwamba nilikusudia kuonyesha udhaifu wa kipimo. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

"Mimi nimedanganya hii mpaka," Kocha akasema polepole. "Nimevusha vitu chini ya mayai. Ofisa ananihurumia, mimi napita. Hiyo ni kazi, na Mungu tutaongea. Lakini gari? Gari haina huruma, haina mshahara, haina mke mgonjwa nyumbani. Ukidanganya gari, nani amedanganywa?"

Nikavua helmeti.

"Kaa hapo. Kula."

"Yote?"

"Yale utaweza."

Nilikula saba. Mpaka leo sipendi mayai ya kuchemsha. Jumatatu nikaanza upya na baiskeli ya mikono, mizunguko kumi, miguu imefungwa, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote pale yadini aliyetafuta njia ya mkato aliambiwa anachemsha mayai.

Kwa kauli yake mwenyewe, aliitumia huruma ya ofisa kupita. Hilo lilinisumbua muda mrefu, kwa kuwa sijaona mtu anayechukia kuhurumiwa kama Kocha. Mtu akishika kiti chake kumsukuma bila kuombwa, alikuwa akifunga breki ghafla ili mpini umgonge mtu huyo tumboni. Mama mmoja wa kanisani alimpa blanketi, akaligeuza kifuniko cha injini. Nilimuuliza siku moja tukiwa tunafunga bolti: inakuwaje mtu anayeichukia huruma aishi kwa huruma miaka yote ile?

"Huruma ni mzigo kama sabuni," akasema. "Yao, si yangu. Mimi nilivusha tu."

Nikamwambia huo ni ujanja wa maneno. Akasema ndiyo, na nimpe spana namba kumi na tatu.

Mambo mengine yasiyolingana: alihubiri utulivu kwenye kona lakini alikula kama anayefukuzwa. Alitufokea tukichelewa, naye hakuwahi kumiliki saa; alihesabu muda wa mzunguko kwa mdomo, moja, mbili, tatu, na nilipomjaribu kwa saa ya simu nilikuta amekosea kwa kiasi cha kupepesa jicho. Jumapili alikaa nyuma kabisa kanisani na kuibishia kwaya mapigo yake, kwa sauti. Na kigari chake mwenyewe, kile cha rangi ya bluu, alikifanya kibaya kwa makusudi. Hakikuwa na pedali. Kilikuwa na mpini wa pikipiki badala ya usukani wa duara: mafuta ukizungusha mkono wa kulia, breki ukivuta kwa vidole. Ekseli ilikuwa na mwelekeo wa kuteleza. "Gari nzuri inakufanya mvivu," alisema. Akiwa ndani ya hicho kibaya, hakuna aliyemfikia. Mimi nilimfuata mara nyingi, na nilichojifunza zaidi ni umbo la kisogo cha helmeti yake kinavyotoweka.

Alitaka kitu kimoja. Hakukificha wala hakukipamba: kushindana. Si kufundisha wanaoshindana. Yeye, ndani ya kigari cha bluu, kwenye mstari, pamoja na wengine, bendera ishuke.

Mashindano ya karibu yalikuwa Tororo, kwenye uwanja uliosawazishwa na watu wenye magari ya maana, mahali ambapo ule mwamba mkubwa hukutazama kutoka kila kona kama mtu aliyekosa shughuli. Mwaka wa kwanza tulipeleka vigari vitatu kwenye lori la kuazima: kile cha bluu cha Kocha na viwili vya wanafunzi, kimoja changu. Msimamizi wa mashindano alikuwa bwana mwenye fulana safi na filimbi shingoni. Alimtazama Kocha akishushwa kwenye lori, akatabasamu tabasamu lile la huruma.

"Mama, karibu sana. Sisi tumekuandalia kitu maalumu. Kabla ya mbio utazunguka peke yako, mzunguko mmoja, watu wakushangilie."

"Peke yangu nashindana na nani?"

"Si kushindana, mama. Ni maonyesho. Unajua, usalama. Breki yako si ya mguu."

"Wapi imeandikwa mguu?"

Bwana akacheka kidogo, akamtafuta mtu wa kucheka naye. Mimi nilikuwa na karatasi ya kanuni mkononi. Nilikuwa nimeisoma mara mbili kwa sababu husoma kanuni za kila kitu. Nikamwambia haikuandikwa mguu popote. Iliandikwa kwamba kigari kiwe na breki inayofanya kazi. Nikamwomba atie kidole kwenye neno. Hakutia kidole. Alisema ni uamuzi wa kamati.

Nilitaka tuondoke wote. Nilikuwa na hotuba tayari kichwani, na ilikuwa nzuri. Nilianza kuvua glavu.

"Wewe nafanya nini?" Kocha akaniuliza.

"Nagoma. Hushindani, sishindani."

"Hasira yako nzuri. Weka kwa gari." Kisha akamgeukia bwana wa filimbi. "Ile maonyesho yako, mpe mwamba. Yeye pia hatembei."

Akaegesha kiti chake kando ya kona ya tatu, akakunja mikono. Nilishindana nikiwa nimeuma meno. Wanaoanza wengi waliingia kona ya pili kama watu waliosahau sufuria jikoni. Wanne walizunguka mbele yangu kama mayai ya kuchemsha, nami nikapita katikati yao na trei isiyoonekana nyuma ya kiti changu. Nilimaliza wa nne kati ya tisa. Nikavua helmeti nikisubiri neno lake.

"Kona ya tatu umelala," akasema.

Hilo tu. Njiani kurudi, vumbi la kiwanda cha saruji nyusoni mwetu, tulipita njia ya Buteba. Hapo akasema, bila kumwambia yeyote, "Tisa. Ingekuwa kumi."

Baadaye nilipata kazi Jinja, kupima vyuma katika kiwanda, kazi ambayo nusu yake niliifanya kwa kanuni za chuoni na nusu kwa masikio niliyopewa yadini. Wandera alinitumia habari kwa simu, mara nyingi sauti ndefu zenye kelele ya kikaango. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kamati ya Tororo ilikuwa imeiacha habari ya breki na kuandika kanuni mpya: kila dereva lazima aweze kutoka ndani ya kigari chake bila kusaidiwa kabla msimamizi hajahesabu kumi.

Nilisafiri mwezi uliopita, Ijumaa, nikiwa na barua ya kurasa tatu. Niliiandika vizuri. Ilihoji kanuni imetoka wapi, kwa nini imekuja sasa, na kama madereva wengine wamewahi kupimwa. Nilifika yadini kabla ya adhuhuri. Wandera alikuwa mlangoni, amenenepa.

"Msomi! Umerudi kutulisha?"

"Yuko wapi?"

Akaonyesha kwa mdomo. Kocha alikuwa ndani ya kigari cha bluu, katikati ya saruji, injini imezimwa. Magoti ya ovaroli yake yalikuwa meupe kwa vumbi, na viwiko vilikuwa vimefungwa vitambaa. Nilipokaribia niliona kitu ambacho Wandera hakuniambia: bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na mkono huo aliubeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Miaka yote ile ya kuvusha ilikuwa imekuja kudai.

"Mulembe, Kocha."

"Mulembe, Msomi. Umejifunza kusalimia. Hiyo karatasi ni nini?"

Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza siku ile ya kuku. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba kanuni hii imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, akainua kidole.

"Ni kweli? Imeandikwa kwa mimi?"

"Kwa ajili yako peke yako. Kukuzuia."

"Miaka yote hakuna mtu amewahi kuniandikia kitu." Akacheka, kisha akakamata bega. "Basi ni yangu. Nitaivaa."

"Kocha, ni ya uonevu. Wandera, njoo! Ingia kwenye kigari kile."

Wandera aliingia kigari cha wanafunzi, nikahesabu, naye akahangaika kutoka, tumbo limenaswa kwenye usukani. Alifika kumi na nne. "Ona!" nikasema. "Huyu ana miguu miwili."

"Ana miguu miwili na chapati arobaini," Kocha akasema. Kisha uso wake ukabadilika. "Sikiliza. Sheria ni nzuri. Tanki iko hapa karibu na goti. Ikiwaka, mtu lazima atoke. Mdomo imetoa hiyo sheria ndiyo mbaya, lakini sheria ni nzuri. Ningekuwa mimi ningeiandika zamani."

Nikakunja barua.

"Mbio ni lini?"

"Kesho kutwa. Hesabu."

Nilisimama mahali aliponionyesha. Alishika ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, akashika tairi la mbele kwa wa kulia, akavuta pumzi. Nikaanza: moja. Mwili ukanyanyuka, ukatetemeka, ukarudi chini. Mbili. Akanyanyuka tena, safari hii nyonga ikapanda juu ya bomba la pembeni. Tatu, nne. Bega lilikataa. Niliona midomo yake ikikauka, niliona kitambaa cha kiwiko kikilowa, na bila kuamua lolote nikaanza kuziacha namba zipumue. Tano. Nikameza mate. Sita. Nikatazama kando. Saba. Alijitupa nje kwa bega, akaviringika juu ya saruji, nane, miguu ikafuata ikikokotwa, tisa, akalala chali akihema.

"Ngapi?"

"Tisa," nikasema. "Kocha, umeweza! Tisa!"

Wandera akaanza kupiga makofi, kisha makofi yakafa. Kocha alikuwa akinitazama kutoka chini, jua usoni, jicho moja limefumbwa. Nilikumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mtu huyu alihesabu mizunguko kwa mdomo na hakuhitaji saa.

"Msomi."

"Naam."

"Unachemsha mayai tena."

Sikujitetea. Safari hii hakukuwa na nusu iliyokuwa kweli.

"Moto itahesabu namna hiyo?"

"Hapana."

"Yule bwana wa filimbi?"

"Hapana."

"Basi nani amedanganywa?"

Aliikataa mikono yetu yote miwili. Alijikokota hadi kwenye kigari, akajipandisha kwa mkono wa kushoto, akainua mguu mmoja kwa kitambaa cha suruali na kuuingiza ndani, kisha wa pili. Ilimchukua muda. Nilitoa simu nikafungua saa yake, nikaiweka juu ya tairi mbele yetu, mahali ambapo yeye pia angeiona.

Akajitupa.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

Alitema vumbi. "Asubuhi ilikuwa kumi na nne."

"Bega lako..."

"Bega iko kwa barua yako?"

"Haimo."

"Basi iache." Alikuwa ameshashika tena ukingo wa kiti, mkono wa kulia ukitafuta tairi polepole, kidole kwa kidole, hadi ukalipata. "Kesho iko. Kesho kutwa asubuhi iko. Hesabu, Msomi. Hesabu kama unanichukia."

Nikarudisha saa sifuri. Nikafungua kinywa.

"Moja," nikasema, na sikumpa hata pumzi ya ziada.